Kola ya kunasia viwavi wa msonobari: mbwa atapona, mti utajijua

Ukifungua boksi utakuta ukanda mrefu wa plastiki ngumu, ukanda wa sponji, vibanio vya kuungia, mrija mfupi uliopinda na mfuko mweusi wenye mdomo wa kukazwa. Basi. Hamna sumu, hamna betri, hamna harufu ya kuvutia wadudu. Kwa kitu kinachouzwa makumi kadhaa ya euro, na bei ikipanda kadiri shina linavyonenepa, mnunuzi ana haki ya kujiuliza kama hajapigwa. Hajapigwa, ila lazima ajue kola hii inafanya kazi ipi na ipi haifanyi, maana maandishi ya kwenye boksi humwacha mtu akiamini kwamba kanunua dawa ya mti. Siyo dawa. Ni kizuizi cha barabarani: kinamkamata kiwavi akiwa safarini, baada ya kushiba.

Tathmini hii ni ya kola za aina hiyo kwa jumla, zinazouzwa kwenye maduka ya bustani ya Ufaransa, Hispania, Italia na Ureno. Tofauti kati ya chapa na chapa ni ndogo kuliko tofauti kati ya aliyeifunga vizuri na aliyeifunga ovyo, kwa hiyo hatutaji kampuni.

Anayewindwa

Jina lake la kitaalamu ni Thaumetopoea pityocampa, nondo (mdudu, si chuma cha zege) wa rangi ya kijivujivu anayeishi kuizunguka Mediterania ya magharibi na kati, tangu Moroko na Algeria hadi Italia. Kadiri majira ya baridi yanavyopungua makali amekuwa akisogea kaskazini, na sasa anaonekana hadi eneo la Paris. Misonobari ya Sao Hill, Tanzania, au ya nyanda za juu za Kenya haimjui. Msomaji wa makala hii atakayekutana naye ni yule aliyehamia Marseille, Barcelona, Lisbon au Roma, mwenye msonobari au mwerezi uani, hasa akiwa na mbwa au watoto wadogo.

Nondo jike huruka wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba kutegemea mahali. Haishi zaidi ya siku chache, na katika siku hizo hutaga mayai kati ya 70 na 300, akiyapanga kuizunguka jozi ya majani ya sindano na kuyafunika kwa magamba ya mwili wake, mpaka yanafanana na gunzi dogo la hindi. Baada ya wiki nne hadi sita viwavi hutoka, huanza kula, hujivua ngozi mara nne, na baridi inapoingia hufuma kiota cheupe cha hariri kwenye ncha za matawi yanayopigwa jua. Mchana wamo ndani wakiota joto. Usiku wanatoka kula, ilimradi mchana kiota kilifikia nyuzi 9 na hewa ya usiku haijashuka chini ya sifuri. Halafu, kati ya Desemba na Aprili, kundi zima linateremka shinani, kichwa cha huyu kwenye mkia wa yule, kama siafu waliokubaliana kupanga foleni moja. Wanatafuta udongo wa kujifukia kina cha sentimita 5 hadi 20, wageuke bundo humo, yaani hatua ya kulala kabla ya kuwa nondo.

Kinachouma ni vinyweleo. Kuanzia hatua ya tatu ya ukuaji kiwavi huota mgongoni vinyweleo vidogo mno, visivyofika nusu milimita, na kiwavi mkubwa anabeba mamia ya maelfu. Aliyewahi kuguswa na upupu anajua mwanzo wa habari; hawa ni washawasha wenye upupu wao wenyewe, na ndani ya kila unyweleo mna protini inayochochea mzio. Havihitaji kuguswa: akistuliwa, huviachia hewani. Binadamu huvimba, huwashwa, macho huwa mekundu, na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua. Mbwa ndiye anayeumia zaidi kwa sababu hunusa kwanza na kulamba baadaye. Ulimi huvimba, hugeuka rangi, na sehemu yake inaweza kufa na kukatika. Serikali ya Ufaransa, kwa amri ya Aprili 2022, ilimweka rasmi kiwavi huyu pamoja na ndugu yake wa mwaloni kati ya viumbe wanaodhuru afya ya binadamu.

Kola inavyofanya kazi

Foleni inateremka, inakuta ukingo uliosimama kulizunguka shina. Juu ya ukingo kuna mfereji. Viwavi hawarudi juu. Wanaufuata mfereji huku wakizunguka shina, mara nyingine kwa saa nyingi, hadi wa mbele aingie kwenye tundu la mrija. Wengine wanafuata uzi wa hariri aliouacha. Mrija unaelekea chini, ndani ya mfuko kuna udongo, na kiwavi anaona kafika. Anajifukia, anajifumia kifukofuko, na hapo safari imekwisha.

Uzuri wake ni kwamba kifaa kinaitumia tabia ya mdudu badala ya kupigana nayo. Linganisha na mikanda ya gundi, ambayo bado inauzwa kwa bei rahisi: viwavi wa kwanza wananata, wa nyuma wanapita juu ya migongo yao kama daraja, na ndege wadogo wananaswa pia. Tusiirudie tena habari ya gundi.

Kupima

Hapa ndipo wengi wanapopoteza hela. Baadhi ya maboksi yanaandika kipenyo cha shina, mengine mzunguko. Shina la kipenyo cha sentimita 40 lina mzunguko wa karibu sentimita 126; anayechanganya hivyo viwili atarudisha mzigo dukani. Chukua futi ya fundi cherehani, panda ngazi, pima mzunguko palepale kola itakapokaa, yaani mita 2 hadi 2.5 kutoka ardhini. Usipimie kifuani ukakisia. Kipimo kikiangukia kati ya saizi mbili, chukua kubwa: ukanda uliozidi hukatwa kwa mkasi wa bati, ukanda uliopungua hauna dawa.

Urefu huo wa mita 2 na zaidi una sababu. Mfuko utaning'inia chini ya kola, na haufai kufikiwa na mkono wa mtoto wala pua ya mbwa.

Shina likigawanyika kuwa mawili chini ya hapo, unahitaji kola mbili.

Kufunga

Funga kabla ya foleni ya kwanza. Kwenye pwani ya Mediterania maana yake ni Novemba, au kabla ya katikati ya Desemba kwa kuchelewa kabisa; milimani na kaskazini una muda hadi Januari. Ukishaona foleni ya kwanza ardhini, sehemu ya kundi imeshakupita.

Kazi yenyewe ni ya saa moja kwa mti mmoja, ukiwa na mtu wa kushika ngazi. Kwanza ondoa matawi yote yaliyo chini ya mstari wa kola, hata kijitawi kimoja kikavu kinachogusa ukuta au ua. Pili, parua magamba ya nje ya gome kwa brashi ya waya au tupa ya mbao, upana wa kiganja kulizunguka shina. Unasawazisha, huchubui: ukifika kwenye sehemu ya ndani yenye unyevu umeujeruhi mti, na utomvu utakaotoka utailoanisha sponji. Msonobari wa Aleppo hauna taabu sana. Msonobari wa pwani ya Atlantiki, Pinus pinaster, una gome lenye mifereji inayoingiza kidole kizima, na hapo ndipo kazi ilipo.

Sponji huzungushwa kwanza, ikikandamizwa hadi iwe nusu ya unene wake. Ukanda wa plastiki unafuata juu yake, unakazwa, vibanio vinafungwa. Kisha zunguka shina lote ukiangalia kwa jicho lililo usawa wa sponji. Kila unapoona mwanga, kiwavi atapaona pia; mwanya wa unene wa penseli unamtosha. Ziba kwa vipande vya sponji ulivyokata, au kwa udongo wa mfinyanzi uliolowekwa. Udongo hupasuka ukikauka, kwa hiyo ukague baada ya wiki moja. Silikoni inaziba vizuri kuliko vyote, lakini inashika gome, na mwakani utailipia kwa kisu.

Mrija uelekeze upande wa shina unaopata jua zaidi, maana viwavi huvutwa na joto wanapotafuta pa kujifukia. Kiungo kati ya mrija na mfereji ndicho kiungo dhaifu cha karibu kila kola iliyopo sokoni: plastiki mbili zinasukumwa kuingiana, upepo unatikisa mfuko, wiki tatu baadaye pana ufa. Kipande cha waya wa kufungia, kuuzunguka mrija na kupitia nyuma ya shina, kinamaliza tatizo hilo kwa senti chache. Tunashangaa hakimo kwenye boksi.

Mfuko

Weka udongo tifutifu kina cha sentimita 10 hadi 15, wenye unyevu kidogo, usio tope. Mfuko mtupu ni kosa la kwanza kwa ukubwa: viwavi hawakuti pa kujifukia, wanapanda mrija, na asubuhi unawakuta kwenye mfereji wakizunguka. Kosa la pili ni udongo mkavu kama vumbi, nao huwarudisha vilevile. Kosa la tatu ni kuujaza hadi mdomoni, kwa hiyo mfuko unalemea kiungo tulichokitaja na kuanguka na mzigo wake wote palepale mbwa anapolala.

Kiota kimoja kina viwavi kuanzia mia moja hadi mia mbili na zaidi. Mti wenye viota viwili au vitatu unatoshwa na mfuko mmoja. Ukihesabu sita, saba, andaa mfuko wa pili na ubadilishe katikati ya msimu, jioni ya baridi wakati hawatembei. Usichungulie ndani. Mfuko umejaa vinyweleo vilivyotoka kwa wanyama waliosongamana, na pumzi moja ya hewa inayotoka pale inatosha kukupeleka duka la dawa.

Kagua kwa wiki mara moja, kutoka chini, kwa macho tu: mrija uko wima? Sponji haijachomoka? Kuna viwavi chini ya kola? Wakionekana chini yake, pana upenyo, na kwa kawaida uko upande wa nyuma ambako ngazi haikufika.

Isipofanya kazi

Kola yenyewe mara chache ndiyo huwa na kosa. Njia ya kupita pembeni ndiyo hutangulia kulaumiwa: matawi ya msonobari wako yamegusana na ya jirani, na viwavi wameshukia kwa jirani. Mimea inayotambaa ikipanda shina, itoe yote. Mwerezi wa bustani, wenye matawi yanayofagia ardhi, haufai kwa kola. Kila tawi ni ngazi. Kuyakata hadi mita 2.5 ni kuuharibu mti ambao watu wameupanda kwa ajili ya umbo hilohilo.

Upepo pia. Dhoruba ya Januari huweza kuangusha kiota kizima chini pamoja na waliomo, na hakuna kola inayozuia kitu kinachoanguka kutoka juu. Viota vitupu vilivyobaki matawini navyo vina vinyweleo, na makali yake hayaishi kwa msimu mmoja. Ndiyo maana kusema "nimeshafunga kola, watoto wachezeni" si sawa.

Kuna wanunuzi wawili ambao tunawaomba wasikimbilie kutoa fedha zao. Wa kwanza ni mwenye mwaloni, London, Ubelgiji, Uholanzi au Ujerumani. Kiwavi wa mwaloni ni spishi nyingine, Thaumetopoea processionea, aliyegundulika London mwaka 2006. Yeye hugeukia bundo ndani ya kiota shinani au matawini, hashuki kujifukia ardhini. Kola itakaa pale mwaka mzima kama bangili. Wa pili ni mkazi wa jirani na msitu wa Leiria, Ureno, ambako kuna kundi la pityocampa lenye kalenda iliyopinduka: viwavi wake hula wakati wa kiangazi na kushuka kiangazi kinapoisha. Kola iliyofungwa Desemba na kuvuliwa Mei haitawakuta. Huyo wa Leiria anaweza kununua, ila afunge kwa kalenda ya huko.

Na mti je

Kola haiuokoi hata jani moja. Viwavi wanaonaswa Februari wamekula tangu Septemba. Msonobari mkubwa wenye afya huvumilia, huonekana kama umeungua upande mmoja na kuchipua tena. Mti mchanga, au uliodhoofishwa na ukame, hupata taabu kweli na kukaribisha wadudu wa gome. Aliyekusudia kuuokoa mti anahitaji kazi ya miezi mingine.

Vuli, dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis kurstaki hunyunyizwa kwenye majani viwavi wakiwa bado wadogo, hatua ya kwanza hadi ya tatu. Lazima waile, kwa hiyo majani yalowe vizuri. Jua na mvua huimaliza ndani ya siku chache, kwa hiyo jioni kavu ndiyo saa yake. Kwenye mti wa mita 15 hilo ni la mtu mwenye mashine, si la pampu ya mgongoni. Mwezi Juni ni zamu ya mtego wa feromoni, yaani harufu ya nondo jike. Huvuta madume tu, na kwa mti mmoja wa uani hufaa zaidi kwa kujua nondo wameanza kuruka lini kuliko kwa kuwapunguza. Sanduku la ndege lenye tundu la milimita 32, saizi ya ndege aitwaye titi mkubwa, Parus major, ni uwekezaji wa miaka: ndege huyo hula viwavi hata wakiwa na vinyweleo, lakini hatamaliza kundi peke yake. Kukata viota kwa mkasi wenye mpini mrefu, Desemba au Januari, mchana wakiwa wote ndani, ndiyo njia iliyo bora kuliko zote inapowezekana. Sharti ovaroli iliyofungwa, glavu, miwani ya kuziba pande zote na barakoa ya vumbi. Kiota kilicho juu ya mita nne mwachie fundi.

Kwa hiyo nyota zetu: nne kati ya tano kwa msonobari mmoja au miwili iliyosimama peke yake, shina safi, nyumba yenye mbwa. Tatu kwa gome lenye mifereji mirefu, kwa sababu ya kazi. Moja kwa safu ya miti iliyoshikana matawi. Mwerezi unaofagia ardhi, sifuri. Nyota ya tano tumeizuia kwa sababu ya kile kiungo cha mrija, na maelekezo ya boksini yanayosema "jaza udongo" bila kusema kiasi gani.

Kuvua

Mwisho wa Mei ndiyo mwisho. Ukichelewa, kuanzia Juni nondo wanaanza kutoka kwenye udongo ule, na mfuko uliochanika kwa jua utawaachia. Kaza mdomo wa mfuko kabla hujauchomoa kwenye mrija, si baada yake. Utie ndani ya mfuko wa pili mnene, ukaze tena, halafu uliza manispaa kama upelekwe kwenye taka za kawaida au kituo maalumu. Kila mji una utaratibu wake. Usiuchome moto bustanini: hewa ya moto hunyanyua vinyweleo na kuwapelekea majirani, na Ufaransa kuchoma taka za bustani ni marufuku hata bila viwavi. Kuufukia nako hakufai, kwani bundo huweza kulala ardhini miaka kadhaa kabla ya kutoka. Nguo ulizovaa zifuliwe peke yake, kwa maji ya moto.

Mbwa akiwahi kumgusa kiwavi kabla ya yote haya, vaa glavu, suuza mdomo wake kwa maji mengi ya vuguvugu bila kusugua, maana kusugua kunavunja vinyweleo na kumwaga kilichomo, na umkimbize kwa daktari wa wanyama saa hiyohiyo. Foleni ikikutwa ardhini usiifagie wala kuipiga kwa mpira wa maji.

Kola ivuliwe kila mwaka, au angalau ilegezwe, shina linanenepa na ukanda unaokaa miaka mitatu utaacha alama. Plastiki huhimili misimu mingi ikihifadhiwa kivulini. Sponji haihimili: baada ya msimu wa pili haifutuki tena ikikandamizwa, na huo ndio upenyo wenyewe. Huuzwa peke yake kwa mita, pamoja na mifuko ya akiba. Agiza Oktoba, maana kufikia Januari rafu huwa tupu.